Nani alisema pampu ihamishwe? Jumamosi zangu na wahandisi wanaotafuta usajili

Ripoti ya kwanza niliyoletewa mwaka huu ilikuwa na kurasa 43, na mwandishi wake hakuonekana katika ukurasa hata mmoja. Udongo ulipimwa, mabomba yalilazwa, zege lilimwagwa, changamoto zilijitokeza na zikatatuliwa. Lakini aliyepima, aliyelaza, aliyemwaga na aliyetatua hakutajwa popote, utadhani mradi ule ulijijenga wenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Kijana aliyeiandika alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kibaraza cha nyumba yangu huku Nyegezi, jijini Mwanza, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akisubiri nimwambie kwamba kazi imekamilika. Nilimwomba aifunge ripoti, aiweke pembeni, kisha anisimulie kwa Kiswahili siku moja tu ya kazi iliyomnyima usingizi. Alizungumza kwa dakika 40. Katika yote aliyosimulia, ni sentensi moja tu iliyokuwamo kwenye ripoti, nayo ilikuwa imefichwa katika ukurasa wa 31. Nitaieleza baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kwa wasomaji walio nje ya fani, ni vema kwanza nieleze ni kitu gani hasa kijana huyo anakitafuta. Hapa Tanzania shahada ya uhandisi peke yake haimpi mtu haki ya kujiita mhandisi wala ya kufanya kazi kwa jina hilo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo sote tunaiita ERB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, na sheria inayoiongoza sasa ni ile ya mwaka 1997 pamoja na marekebisho yake. Anayehitimu chuo husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka 3 huku akijaza kitabu cha kumbukumbu za kazi. Na tangu 2003 bodi imekuwa na mpango wa mafunzo kwa vitendo unaojulikana kwa kifupi chake, SEAP, unaowapeleka wahitimu kwenye makampuni na taasisi ili wanolewe na waliotangulia. Mwishoni huandika ripoti ya kazi aliyoifanya, hutafuta wahandisi waliosajiliwa watakaomdhamini, kisha huitwa kwenye usaili. Akivuka hapo huwa mhandisi mtaalamu, na ndipo cheo hicho kinapokaa mbele ya jina lake kihalali. Mtaani, bila shaka, kila fundi wa jenereta anaitwa injinia, nami sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu unaanza pale injinia wa mtaani anapochora ghorofa.

Kati ya shahada na usajili kuna pengo, na wengi hubaki humo kwa miaka 8, 10, hata zaidi. Si kwa sababu hawajui kazi. Mwenye bahati huangukia katika ofisi yenye wahandisi wataalamu watatu au wanne, ambao humwonyesha namna ya kujaza kitabu chake, humsahihisha, na humpa kazi ngumu kidogo kuliko uwezo wake. Asiye na bahati hupelekwa wilayani, hukabidhiwa pikipiki na miradi saba, na mhandisi mtaalamu aliye karibu naye yuko umbali wa kilomita 120. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Msimamizi wangu wa wakati huo, ambaye sitamtaja wala sitaitaja ofisi yake, alisaini kurasa za miezi 18 za kitabu changu kwa kikao kimoja, kwa kalamu moja ya wino wa bluu, huku akizungumza na simu. Nilimshukuru sana siku ile. Kwenye usaili mzee mmoja wa jopo alikifungua kile kitabu, akakipepea kama anayehesabu noti, akakifunga bila kusema neno, na mimi nikajua kwamba nimekwisha. Nilirudi nyumbani bila usajili na nikakaa miaka miwili nikiona haya kuomba tena.

Hiyo ndiyo sababu ya hizi Jumamosi. Hazina jina, hazina ofisi, wala hazina fomu. Wanakuja watatu, mara nyingine sita, wengi wao wa maji, ujenzi na umeme. Wapo wanaotoka Geita, Magu na Ukerewe, na wapo wanaoshuka Malimbe kwa miguu tu. Masharti yangu ni machache. Tunakunywa chai, lakini hakuna chai: anayekuja na bahasha anarudi nayo. Simdhamini mtu ambaye sijaiona kazi yake kwa macho yangu, hata kama tumekunywa naye chai mwaka mzima, kwa maana mdhamini anayetoa saini kwa huruma ni ndugu wa yule msimamizi wangu wa wino wa bluu. Na ikitokea nikaombwa kuketi kwenye jopo lolote litakalomsaili mtu aliyepita kibarazani kwangu, naomba udhuru mapema, kwani huwezi kuwa kocha na refa katika mechi moja.

Sharti la nne nililiongeza baada ya kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitolea alikuja kijana hodari wa mitambo ambaye Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa kizito. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, muda wa kuwasilisha ulikuwa umebaki siku tisa, na mimi nilikuwa na wiki ya likizo. Basi nikaichukua na kuiandika upya tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipendeza. Katika sura ya hesabu niliweka maelezo ya kwa nini kigezo cha usalama, yaani mara ngapi nguvu ya kifaa inazidi mzigo wake, kilikuwa 2.5, kwa sababu ndicho ambacho mimi ningekichagua. Jopo lilimwuliza kwa nini si 2 wala si 3. Hakujua, kwa kuwa hakuwahi kukichagua. Yeye kazini alitumia jedwali la mtengenezaji, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa na angeweza kulitetea kwa saa nzima. Nilimkosesha usajili kwa hisani yangu. Tangu siku hiyo sigusi kalamu. Nauliza maswali, na aliyeulizwa ndiye anayeandika.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa wenyewe, yaani mwandishi asiyeonekana. Kwa muda mrefu nilidhani ni udhaifu wa lugha, kwamba vijana wanaandika hivyo kwa kuwa chuoni walifundishwa kuripoti kisayansi, ambako kila kitu hufanyika na hakuna anayefanya. Hilo lipo. Lakini niliposikiliza wakisimulia kwa Kiswahili niligundua kwamba kuna jambo la pili lililo chini zaidi. Lugha yetu haimruhusu mtu kujificha kirahisi: kitenzi hakiendi mpaka umwambie nani. Ni lazima useme nili- au tuli- au wali-, na ukitaka kukwepa ni lazima ukigeuze kitenzi chenyewe kiwe ilifanyika. Ninapomsikiliza mtu nasikia anapovuka kutoka kiambishi kimoja kwenda kingine, na mara nyingi anavuka palepale penye uamuzi. Atasema, "Nilifika saitini asubuhi, nikakagua, nikapima," kisha ghafla, "tukaona ni bora tubadilishe." Nani aliona? Nani alibadilisha? Kabla ya uamuzi alikuwa peke yake, na baada ya uamuzi atakuwa peke yake tena, lakini wakati wa uamuzi wenyewe anajaa ukumbi mzima.

Haya ni malezi, wala si malezi mabaya. Tumekuzwa tukiambiwa kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na huku Usukumani mtu anayejitaja sana mbele ya wakubwa hutazamwa kwa jicho la pembeni. Kijana wa miaka 27 kusema "niliamua" mbele ya wazee watano wa jopo ni kama kuketi kabla hajakaribishwa. Hata hivyo jopo halikumwita lije lisikie habari za kampuni yake. Limemwita lipate kujua kama siku atakapoachwa peke yake na mchoro, fedha za umma na mvua inayokuja, kichwa chake kitatosha. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa tuli-.

Mfano ninaoupenda ni wa binti mmoja wa maji. Alikuwa akihudumia kituo kidogo cha kusukuma maji kilicho kando ya ziwa, ambako pampu ilikuwa ikipiga kelele kama inasaga changarawe, na impela yake, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, ilikuwa ikiliwa na kutobokatoboka ndani ya miezi michache. Kila aliyeiona alisema ni mchanga. Walibadilisha chujio mara mbili, wakanunua impela ya tatu, na kelele zikaendelea. Kwenye ripoti yake jambo hili lilichukua mistari minne, na mstari wa mwisho ulisema kwamba pampu ilihamishwa na tatizo likaisha.

Nilimwuliza, "Nani alisema pampu ihamishwe?"

"Tulisema, mzee."

"Nyie akina nani?"

Alinyamaza, akatazama chini, akasema, "Mimi. Lakini mkuu wa idara ndiye aliyesaini."

Kisha akaeleza, na maelezo yake yalikuwa ya mhandisi kweli. Pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji haivuti maji kwa nguvu zake. Ni hewa ya nje inayoukandamiza uso wa maji na kuyasukuma kupanda kwenye bomba. Kwenye usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kuinua maji kiasi cha mita 10.3 kwa nadharia, na hiyo ndiyo tarakimu iliyokuwa imetumika katika hesabu za kituo. Lakini Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na inainua kiasi cha mita 9 tu, kabla hujaondoa msuguano wa bomba na mvuke wa maji yenyewe. Mita moja na ushee ilikuwa imepotea kwenye karatasi miaka mingi kabla binti huyu hajaajiriwa. Ziwa liliposhuka wakati wa kiangazi, mgandamizo ndani ya mdomo wa pampu ulikuwa ukianguka kiasi kwamba maji yalitoa viputo bila kuchemshwa, na viputo vile vilipopasuka juu ya chuma viliking'ata kama patasi. Hapakuwa na mchanga. Aligundua hivyo kwa kuwa alikwenda kusikiliza pampu siku ambayo ziwa lilikuwa limejaa, akakuta kimya. Akafanya hesabu upya usiku, akapendekeza pampu ishushwe mita 1.2 badala ya kununua kubwa zaidi, na akaandika barua ya ukurasa mmoja.

Hayo yote alikuwa ameyafunika kwa neno moja, ilihamishwa. Sentensi tuliyoitafuta siku ile, na ambayo aliipata mwenyewe baada ya kujaribu mara kadhaa, ilikuwa ya kawaida mno: nilipendekeza pampu ishushwe kwa sababu hizi, na mkuu wa idara akaidhinisha. Hapo kila mtu amepewa chake. Aliyesaini ana mamlaka yake, aliyependekeza ana hoja yake, na jopo linajua la kumwuliza. Walimwuliza mwanzo hadi mwisho kuhusu pampu ile, naye akajibu.

Ni lazima niseme pia kwamba dawa hii ikizidi inakuwa sumu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, karibu kila kijana wa ujenzi anayefika kibarazani ana uhusiano fulani nalo, na wapo wanaojifunza somo la nili- kwa haraka kupita kiasi. Mmoja alisoma kwa sauti, "Nilisimamia ujenzi wa daraja la kilomita 3," tukacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye mwenyewe alicheka. Kazi yake halisi katika mradi aliokuwa akijifunzia ilikuwa kufuatilia joto la zege katika vitalu vikubwa vya msingi, ambako zege linapoiva hutoa joto lake lenyewe, na tofauti kati ya kiini na ngozi ikipita takriban nyuzi 20 kitalu kinaweza kupasuka kabla hakijabeba chochote. Kukaa macho na kipimajoto usiku kucha na kukataa mafundi wasiondoe matandiko ya kuhifadhi joto mapema, hiyo inatosha kujaza sura nzima. Ukubwa wa mradi ni wa mradi.

Ili kuwasaidia wajione, natumia penseli za rangi tano, na wazo lake nimeliazima. Nchini Uingereza, ambako taaluma hii ilijipanga mapema (Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya London ilianzishwa mwaka 1818, na Thomas Telford akawa rais wake wa kwanza), kiwango cha usajili cha Baraza la Uhandisi, kiitwacho UK-SPEC, kinaugawa umahiri katika mafungu matano, A mpaka E: maarifa, ubunifu na utatuzi wa matatizo, uwajibikaji na uongozi, mawasiliano, na kujifunga kwa maadili ya taaluma. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kule nako mzigo mkubwa wa kusoma ripoti, kulea waombaji na kuwasaili hubebwa na wahandisi wanaojitolea. Vigezo vyetu ni vya ERB na ndivyo vinavyotawala, lakini mafungu yale matano yanafaa kama kioo. Nampa mtu ripoti yake na penseli tano, apige mstari kila sentensi kwa rangi ya fungu lake. Kwa kawaida ripoti hubaki bluu tupu, rangi ya maarifa: kanuni, majedwali, maelezo ya mtambo yaliyonakiliwa kwenye kijitabu chake. Nyekundu, ambayo ni uwajibikaji, hupatikana mistari miwili. Kijani cha maadili hakipo kabisa, isipokuwa mahali walipoandika kwamba helmeti zilivaliwa.

Hiyo kijani ndiyo inayotuchukulia muda mrefu zaidi. Katika usaili wa mazoezi, ambao tunaufanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikiwa na wenzangu wawili wanaokuja kunisaidia, namwuliza mwombaji afanye nini akiambiwa asaini kitu ambacho hakiamini. Wote hujibu kwamba watafuata maadili ya taaluma. Jibu hilo ni sahihi na halina kitu ndani. Basi naendelea: utampigia nani simu, utasema maneno gani, utaandika wapi, na kama simu haipokelewi na kazi inaanza saa moja asubuhi utasimama wapi? Kwenye ufukwe huu hatuhitaji kutunga mifano. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, ikachukua mamia ya watu, na hakuna familia ya rika langu mjini hapa isiyokumbuka mahali ilipokuwa siku ile. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Sizitaji ajali hizi ili kumhukumu mtu yeyote. Uchunguzi ulifanywa na wenye dhamana. Nazitaja kwa sababu mwombaji aliyezaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, hahitaji kuelezwa tofauti kati ya uwezo ulioandikwa kwenye karatasi na uzito ulio juu ya maji, na akiisha kukumbuka hivyo, majibu yake huacha kuwa ya kukariri.

Sasa ile siku iliyomnyima usingizi kijana wa kurasa 43. Alikuwa kwenye ujenzi wa tangi la maji juu ya kilima kimojawapo cha mji huu wa mawe. Kijiko, yaani mashine ya kuchimba, kilichimba pembe nne za msingi, na pembe zote kiligonga jiwe kwenye kina cha mita mbili na kidogo. Mkandarasi alifurahi, kwa kuwa msingi juu ya mwamba ni msingi rahisi, akapanga kumwaga zege keshoye. Msimamizi wa kijana alikuwa safarini. Jioni ile kijana aliketi juu ya jabali moja kando ya saiti, akatazama chini ziwani, ambako majabali yamepangana kama Bismarck, lile jiwe maarufu la ufukweni Mwanza, na likamjia wazo baya. Matale yetu ya Mwanza, yaani mawe ya graniti, huoza kwa kufuata nyufa: maji huingia, huzila pembe za jiwe kwa maelfu ya miaka, mpaka katikati ya udongo laini hubaki mawe makubwa ya mviringo yanayoelea kama viazi kwenye mchuzi. Udongo ukisombwa ndipo tunapoyaona yamekaa moja juu ya jingine na watalii wakiyapiga picha. Usiposombwa, yamo tu humo ardhini, na kijiko kikiligonga moja hakiwezi kujua kama ni mwamba au ni kiazi.

Hakulala. Saa nne usiku alimpigia simu msimamizi, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamwambia kwamba anataka zege lisimamishwe kwa siku mbili ili mtambo uchimbe mita 3 ndani ya jiwe katika kila pembe. Msimamizi alimwuliza kama anajua gharama ya siku mbili. Alijibu kwamba anaijua, akaitaja. Asubuhi alisimama mbele ya gari la zege na karatasi mkononi, na mafundi wakamwita majina ambayo hakuyarudia kibarazani kwangu. Pembe tatu zilikuwa mwamba. Katika pembe ya nne mtambo ulitoboa jiwe kwa mita 1.4, kisha ukadidimia kwenye udongo laini. Msingi wa upande ule ukachorwa upya.

Kwenye ukurasa wa 31 wa ripoti yake jambo hili limeandikwa hivi, ninavyoweza kulitafsiri: "Uchunguzi wa ziada wa udongo ulifanyika kabla ya umwagaji wa zege." Aliponisomea sentensi ile baada ya kunisimulia kwa dakika 40, tulitazamana.

Naulizwa mara kwa mara na wahandisi wenzangu kwamba ninapata nini, na swali hilo huulizwa kwa namna mbili. Wapo wanaouliza kwa kunishuku, nao siwajibu. Wapo wanaouliza kwa sababu wanatamani na wanahofia muda. Hao nawaambia ukweli kwamba ni saa tatu kwa wiki, kwamba kuna Jumamosi ambazo hakuna anayekuja, na kwamba wengine wakishapata usajili hawapigi simu hata kusema ahsante. Nawaambia pia kwamba binti wa pampu alinifundisha jambo ambalo mimi, mtu wa maji kwa miaka 22, nilikuwa nimelisoma chuoni na kulisahau. Tatizo letu Kanda ya Ziwa si uhaba wa nia njema. Wahandisi wataalamu wengi wako mjini, wahitimu wengi wako wilayani, na kitabu cha kumbukumbu hakisafiri chenyewe. Mwenzangu mmoja wa umeme ameanza kukutana na wawili kwa njia ya simu kila Jumatano usiku, kila mmoja akiwa na mchoro uleule mbele yake, nami naona hilo linafaa kuliko kibaraza changu, ingawa chai haipiti kwenye simu.

Kwa wanaotaka kuja, ninaloomba ni dogo. Usiniletee ripoti nzima mara ya kwanza. Niletee kitabu chako cha kumbukumbu hata kama kimechafuka kwa matope (matope yananipa imani), na uje umefikiria siku tatu ambazo uliamua jambo na ungeweza kukosea. Kama umekaa kazini miaka mitatu na huzipati siku tatu, basi tatizo halipo kwenye ripoti, na tutazungumza jinsi ya kumwomba msimamizi wako kazi nyingine.

Yule kijana anaishi Sengerema. Siku hizi angeweza kupita darajani, lakini anapendelea kivuko cha Kamanga, kwa sababu humshusha katikati ya mji, na kwa sababu, anasema, akiwa juu ya maji hupata muda wa kusoma alichokiandika. Ripoti sasa ina kurasa 26. Sura ya tangi imekwisha, na simu ya saa nne usiku imo, pamoja na gharama ya siku mbili. Jumamosi iliyopita tulifika kwenye sura ya mabomba, tukahesabu ilifanyika 11 katika ukurasa mmoja, naye akaomba penseli.